Majina Mawili, Mgongo Mmoja

Sehemu ya Saba

"Mimi."

Ndilo neno tulilotengana nalo Jumamosi iliyopita, msomaji wangu, na najua limekukaa kooni wiki nzima. Afisa wa mafao aliuliza swali jepesi kabisa: kati yenu wanawake wawili, ni nani aliyefua mashuka ya hospitali katika miaka ile ya ukibarua? Wifi mtu akainua mkono juu, akajibu bila hata kukohoa.

Bi Pasi akageuza shingo taratibu. Akamtazama wifi yake kuanzia kilemba mpaka kandambili, akarudi juu tena, kisha akasonya. Sonyo lenyewe lilikuwa refu, hata makarani wa chumba cha pili waliacha kupiga soga.

"Wewe?"

"Mimi."

"Wewe ndiye uliyefua?"

"Nilifua, nikakamua, nikaanika, nikapiga pasi. Unataka nikuongezee nini?"

"Loo! Jamani njooni mwone! Mtu hata leso yake ya mafua hajui kuifua, leo kawa dobi wa hospitali nzima!"

"Heshima humu ndani!" afisa akapiga meza.

Kwa wewe uliyeidandia hadithi leo, nitakupa kwa ufupi, na usiniulize mara ya pili. Bi Pasi ni dobi wa hospitali ya serikali. Jina hilo kapewa kwa kazi yake na kwa mdomo wake, maana vyote viwili vinaunguza. Mwisho wa mwezi huu anastaafu. Miaka yake ya ajira ya kudumu haitoshi kupata pensheni ya kila mwezi. Imepungua kidogo tu, lakini serikali haina kidogo. Akishindwa kuunganishiwa miaka yake ya ukibarua, atapewa bahasha moja na mkono wa kwaheri, nyumba ya kazi atoke, akazeekee kwenye kochi la mtu.

Sheria inasema miaka ya ukibarua inahesabiwa, ila iwe mfululizo. Ikikatika, haina thamani. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, na aliyeyaharibu ni msimamizi wa kufulia wa zamani zile, bwana mmoja waliyemwita Nyapara.

Zama hizo kibarua akipitisha miezi mitatu ilikuwa lazima aajiriwe. Wakubwa hawataki kuajiri, na mashuka hayawezi kujifua. Nyapara akabuni ujanja wake. Miezi mitatu ikikaribia anakufukuza asubuhi mbele ya watu, kwa makelele, na mchana anakuvuta pembeni: "Kesho uje na jina la ndugu yako." Bi Pasi hakuwa na ndugu pale mjini ila dada wa mumewe. Basi miezi mitatu akawa yeye, miezi mitatu akawa wifi, miezi mitatu yeye tena, miaka nenda miaka rudi. Ukisoma vitabu vya hospitali utaona wanawake wawili wanapokezana. Ukiingia chumba cha kufulia utamkuta mmoja, jasho linamtiririka, mashuka yamemfika kidevuni.

Majina mawili, mgongo mmoja. Na leo mgongo huo umepata wenyewe wawili.

Maana wifi naye ni mtumishi wa serikali. Ni mfagizi wa shule, kaajiriwa uzeeni, anastaafu mwaka huuhuu, na yeye pia miaka imempungukia. Akasema mbele ya afisa kwamba yeye ndiye aliyefua muda wote, na jina la kuazima lilikuwa la Bi Pasi. Tena kala kiapo. Na Bi Pasi kala kiapo. Viapo viwili juu ya meza moja, na mmoja kati yao ni mwongo.

Tuendelee.

Afisa alikuwa kijana wa tai nyekundu, aliyekuwa akiingiza mkono ndani ya droo na kuchomoa karanga moja moja, akidhani haonekani. Bi Pasi alikwishamdharau tangu mlangoni. Mtu mzima na heshima zake, aje apimwe na mtoto mwenye maganda ya karanga kwenye tai!

"Kuna njia rahisi," afisa akasema, akijiona ana akili sana. "Nitauliza mambo ambayo aliyefanya kazi pale tu ndiye anayeyajua."

"Uliza!" Bi Pasi akakunja mikono. "Uliza huyu aumbuke mapema, twende zetu."

"Nianze na huyu basi. Bibi, bomba la maji ya moto lilikuwa upande gani?"

"Kulia ukiingia," wifi akajibu. "Na lilikuwa halifungiki. Tulikuwa tunalifunga na kipande cha shuka."

Bi Pasi akakunjua mikono.

"Mashine ya kukamulia?"

"Ipi, baba? Ile iliyomng'oa kucha yule mwenzetu mnene, au ile iliyokuja baadaye?"

"Damu kwenye shuka mlikuwa mnaitoaje?"

"Maji baridi na chumvi. Ukitia ya moto umekwisha, hilo doa utazikwa nalo."

Afisa akaandika kwa furaha. Bi Pasi alihisi damu yake mwenyewe ikipanda. Maneno hayo! "Hilo doa utazikwa nalo" ni kauli yake, aliibuni yeye, kule kwenye joto la kufulia. Huyu kayapata wapi?

Ah, msomaji, kayapata nyumbani. Kila jioni Bi Pasi alikuwa akirudi, anatumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu, na mdomo unaanza. Bomba hivi, mashine vile, Nyapara kasema hiki, mnene kang'oka kucha. Na nani aliyekuwa akimsikiliza? Wifi, amesimama jikoni anasonga na kukoroga, mtoto wa Bi Pasi mgongoni. Haijibu, haiulizi, inaitikia tu "ehee." Hivyo ndivyo Bi Pasi alivyokuwa akimsimulia kwa mashoga zake: *inaitikia tu, ile kichwa maji.* Kumbe kichwa maji kilikuwa hakimwagi hata tone.

"Sasa wewe, mama," afisa akamgeukia. "Sabuni ilikuwa ya aina gani?"

"Sijibu."

"Hujibu?"

"Nimefua mashuka waliyozaliwa juu yake watu kama wewe. Nije niulizwe habari za sabuni? Sijibu maswali ya kitoto mimi."

"Naandika kwamba hajui."

"Andika hata shairi!"

Afisa akaandika. Wifi akatazama nje ya dirisha, na pembe ya mdomo wake ikacheza kidogo.

Bi Pasi akaona hapa anazama huku anajiona. Lakini alikuwa na karata moja, na alikuja nayo. "Mwiteni Nyapara!" akasema. "Yuko hapo nje kwenye benchi, nimemleta mwenyewe. Yeye ndiye aliyenibadilisha jina. Aje aseme!"

Nyapara akaingizwa. Wee! Bwana aliyekuwa akitisha vibarua mpaka wanasahau njia ya msalani, leo kawa kizee cha koti kubwa, meno ya bandia yanagongana kabla hajasema. Akaketi. Akawatazama wale wanawake wawili kwa zamu, akipepesa macho.

"Unawafahamu?" afisa akauliza.

"Hapana."

Bi Pasi akaruka kwenye kiti. "Hapana? Mimi hunijui? Mimi niliyekuwa nakunyooshea suruali zako bure kila Ijumaa?"

"Mama, vibarua walikuwa wengi," Nyapara akasema kwa upole wa kinafiki. "Wanawake wote nilikuwa nawaita 'wewe.' Sura ningezikumbukaje?"

"Na suala la kubadilisha majina?" afisa akauliza.

Meno yakagongana. "Majina? Kubadilisha? Mimi, mtumishi mwaminifu wa serikali, ninayekula pensheni yangu kihalali? Hata siku moja!"

Hapo Bi Pasi akaelewa. Mzee huyu akikiri ule mchezo, na pensheni yake itatiwa mashaka. Amekuja kuilinda ya kwake. Bi Pasi hakupiga kelele. Alimsogelea, akamwinamia sikioni kama mtu anayetoa pole.

"Nilikuwa nakuogopa mimi," akamwambia. "Wallahi, nilikuwa naota ndoto unanifukuza. Sasa nakutazama najiuliza nilikuwa naogopa nini. Koti?"

Nyapara akainuka upesi. Mlangoni akageuka. "Samahani, bwana afisa. Nauli yangu ya kurudi nani anatoa?"

Bi Pasi akamfungia mlango.

Afisa akatoka kwenda kumwita shahidi wa mwisho, akawaacha wawili hao peke yao. Feni ilikuwa ikizunguka na haimpozi mtu. Bi Pasi hakusubiri.

"Huna haya, wifi. Kweli huna haya. Kula ulikula kwangu, kulala ulilala kwangu, kaka yako alipofariki nani alikuambia kaa? Si mimi? Leo umekuja kuniibia uzee wangu!"

"Nilikaa kwako nikifanya nini?"

"Ukila!"

"Ehee," wifi akasema. Ile "ehee" yake ya jikoni. Halafu akageuka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ikapanda. "Ukitoka alfajiri mtoto alikuwa na nani? Akiharisha, akiota meno, akipata degedege usiku wewe umelala fofofo umechoka, nani aliyekimbia naye? Wewe ulilipwa kila wiki. Mimi jina langu lilikwenda kazini, mgongo wangu ukabaki na mwanao, na sikupata hata asante. Basi nikasema, na mimi nichukue kitu."

"Ungeomba!"

"Nikuombe wewe? Siku ya sherehe ya mwanao kuhitimu ualimu nilikuwa wapi?"

Bi Pasi akainua macho kwenye feni.

"Sema, nilikuwa wapi?"

"Ulikuwepo."

"Nilikuwepo uani, naosha vyombo. Na nikakusikia kwenye kipaza sauti: 'Mwanangu huyu nimemlea kwa mikono yangu hii miwili, bila msaada wa mtu yeyote.' Watu wakapiga vigelegele. Mimi nimeshika sufuria."

"Yalikuwa maneno ya sherehe tu yale."

"Haya. Na mimi yangu ni maneno ya kiapo tu."

Bi Pasi alitafuta jibu la kumchoma nalo. Anayo mengi, huwa hayamwishii, lakini mlango ukafunguliwa na afisa akaingia na yule shahidi.

Na shahidi, msomaji, ni binti mwenyewe.

Mwalimu sasa, mwanamke mzima, mkoba begani, chaki imemganda kwenye mkono wa gauni. Bi Pasi akapumua. Huyu ni damu yake. Miaka ile ya mwisho ya ukibarua binti alikuwa mtoto anayetembea na kusema, anakumbuka vizuri. Jana tu kwenye simu alimwambia, "Nitakuja, mama, nitasema." Bi Pasi akamtupia wifi jicho la "umekwisha wewe."

"Huyu sijamwapisha bado," afisa akasema akitafuta kalamu. "Nitamuuliza kwanza, nikiona ana la maana ndipo ale kiapo. Mwalimu, asubuhi ulipokuwa mtoto, ni nani aliyekuwa akitoka kwenda kufua hospitalini?"

Binti akamtazama mama yake. Akamtazama shangazi yake. Akaukumbatia mkoba.

"Shangazi," akasema.

"Rudia."

"Shangazi ndiye aliyekuwa akienda kazini. Mama alikuwa anabaki nyumbani na mimi. Mama ndiye aliyenilea."

Hata wifi aligeuka, mdomo wazi. Hili hakulitarajia, na lilionekana usoni pake wazi kabisa.

"Wewe mtoto!" Bi Pasi akasema. "Wewe mtoto umelogwa?"

"Kwani nimesema vibaya, mama? Si hivyo unavyosema siku zote? Kanisani umesema, msibani umesema, kwenye kipaza sauti umesema. Mikono yako miwili, bila msaada wa mtu. Aliyenilea mchana kutwa hakuwa kwenye mashuka. Hawezi mtu kuwa mahali pawili."

Afisa aliacha kutafuna. Kidogo kidogo mambo yakamwingia, akainama mbele, na mara hii hakuwa akijionyesha. "Mama," akasema, "hili nitakuuliza wewe, na jibu lako ndilo nitakaloandika. Binti yako anasema ni wewe uliyemlea. Kweli au si kweli?"

Mwone sasa Bi Pasi. Akisema "kweli," miaka yote inakwenda kwa wifi, na mwisho wa mwezi anafunga virago. Akisema "si kweli," anakula matapishi ya miaka yake yote ya majigambo, mbele ya mwanawe, mbele ya mwanamke anayemdharau kuliko kiumbe chochote, na mbele ya mtoto wa karanga. Mtego huo umetegwa na nani? Na mwanawe mwenyewe, aliyesomeshwa kwa jasho la mashuka!

Alimchukia wakati ule. Alimchukia kwa dakika nzima, na baadaye hakujua kama alichokichukia kilikuwa uongo wa binti au ukweli wake.

"Si kweli," akasema.

"Sema kwa sauti, mama."

"Nimesema si kweli! Mna masikio ya nta? Mimi nilikuwa nafua! Natoka nyota ziko juu, narudi mtoto kalala. Nimeondoka hajaota jino, nikageuka anakimbia. Sikumlea mimi!" Machozi yakamtoka, akayafuta kwa hasira kwa kiganja. "Alimlea huyu. Huyuhuyu. Neno la kwanza alisema kwa huyu. Hata homa zake nazijua kwa kusimuliwa. Haya, mmefurahi? Andika, wewe wa tai! Andika kwa herufi kubwa!"

Binti akaketi kwenye kiti cha karibu. "Nilitaka nisikie siku moja tu ukilisema," akasema. "Bwana afisa, nisamehe. Niliyoyasema si kweli. Mama ndiye aliyekuwa akifua, na shangazi alijua kwamba naujua ukweli huo."

Na wifi? Wifi alikuwa analia kimya, bila kujifuta, kama mtu asiyetaka mwingine ajue kwamba hayo ni machozi. Akavuta kilemba chake kikakaa vizuri.

"Miaka ni ya kwake," akasema. "Mpe. Mimi sikufua pale hata soksi."

Ungedhani hadithi imeishia hapo, tukumbatiane, twende tukanywe chai. Bi Pasi naye alidhani hivyo. Alikwishashika mkoba wake, na alikwisharudi kwenye hali yake ya kawaida. "Umeona sasa," akamwambia wifi, pua juu. "Ungesema hivyo tangu asubuhi, tusingepotezeana muda."

"Kaeni chini," afisa akasema.

"Tukae tena tufanye nini?"

"Nimesema kaeni. Hamwezi kutoka hivyo." Akafunga droo ya karanga. "Hapa nina viapo viwili vinavyopingana. Kukiri kwa mdomo hakuingii kwenye faili. Kanuni inasema sitampa mtu yeyote miaka hii mpaka kiapo kimoja kitangazwe cha uongo, na aliyekula ashtakiwe."

"Ashtakiwe nani?"

"Huyu. Mtumishi wa umma anayekula kiapo cha uongo anafukuzwa kazi siku hiyohiyo. Hana mafao, hana hata ile bahasha. Na polisi wanamhitaji."

Binti akaruka. "Lakini amekwishasema ukweli!"

"Amechelewa."

Wifi hakushtuka. Alitikisa kichwa mara moja tu, kwa utulivu. Alijua. Tangu alipoinua mkono asubuhi alijua mwisho wake unaweza kuwa huu, na alipoushusha alijua vizuri zaidi.

"Na nani anayemshtaki?" Bi Pasi akauliza. Sauti yake ilikuwa imepungua makali.

"Aliyekaribia kudhulumiwa. Wewe, mama." Afisa akatoa karatasi, akaisukuma mbele yake. "Kuna mistari miwili. Ukitia sahihi mstari wa juu, unamshtaki, na miaka yako naiunganisha leoleo, pensheni mpaka kufa kwako. Ukitia mstari wa chini, unaondoa madai. Miaka inafutwa kwa wote wawili, viapo vinachanwa, kila mtu aende kwake na bahasha yake."

"Hakuna mstari wa katikati?"

"Hakuna."

"Serikali kubwa hivi, imeshindwa kuchora mstari wa tatu?"

"Saini, mama. Wapo wengine nje."

Bi Pasi akaitazama ile kalamu kana kwamba imetolewa chooni. Alifikiria nyumba yake ya kazi, chumba kimoja na ukumbi, pazia alilolishona mwenyewe. Alifikiria kochi la binti yake, na binti yake anavyomtazama sasa hivi. Alifikiria na wifi akivuliwa lile gauni la bluu la ufagizi mbele ya wanafunzi. Na hapohapo, usimtakase, msomaji, alifikiria pia kwamba amejitakia. Nani alimtuma? Mtu kaingia ndani ya miaka ya mwenzake kwa miguu yake mwenyewe, aachwe hivihivi?

"Mama," binti akaanza.

"Nyamaza. Wewe leo umesema vya kutosha."

Akaichukua kalamu. Akainama. Maandishi yalikuwa madogo, yanaogelea. Akapapasa mkobani: ufunguo, sarafu, kitambaa, hakuna miwani. Aliisahau kitandani kwa haraka ya kuja kugombana. Akaipeleka karatasi mbali, akaileta karibu, akaipeleka mbali tena.

"Nikusomee?" afisa akauliza.

"Usinisomee. Nimeomba?"

Wifi akavua miwani yake. Ilikuwa kuukuu, mkono mmoja umefungwa uzi mweusi. Akaipangusa kwa ncha ya kilemba, pande zote mbili, akaisukuma juu ya meza mpaka ikagusa vidole vya Bi Pasi.

"Vaa hii," akasema. "Usije ukakosea mstari, halafu unilaumu mimi."

Bi Pasi alitaka kusonya. Ulimi ulikwenda mahali pake, meno yakakaa tayari, lakini sonyo lenyewe halikuja. Akaivaa miwani. Herufi zikasimama, na mistari ikaonekana yote miwili. Akainama tena, mkono wa kushoto umeikinga karatasi, akatia sahihi taratibu kwa herufi zake kubwa za kisomo cha ngumbaru, mpaka ya mwisho. Akavua miwani, akaikunja, akamrudishia mwenyewe bila kumtazama.

Afisa akaivuta karatasi. Akasoma. Akasoma tena, kisha akainua uso.

"Mama, una hakika hapa ndipo ulipotaka kusaini?"

Binti akainuka achungulie. Afisa akaifunika kwa kiganja.

"Nimevaa miwani, sikuvaa gunia," Bi Pasi akasema. "Piga muhuri."